Nani atakifungua kishikwambi cha Handeni?

Desemba 2017 Google iliacha kuuza Pixel C, kishikwambi chenye bodi ya alumini kilichoingia sokoni miaka miwili kabla kwa dola 499. Kwa viwango vya wakati ule hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi milioni moja. Majira hayohayo, vishikwambi vya aina hiyohiyo vilikuwa vikishushwa katika vijiji vya Mkoa wa Tanga, Handeni na Korogwe vikiwamo, na, kwa ajili ya jaribio la programu za kujifunzia, kukabidhiwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Jaribio lile husimuliwa kwa upande wa programu: zilivyofundisha, nani alishinda, fedha ngapi zilitolewa. Chombo chenyewe hutajwa kwa mstari mmoja na msomaji akapitiliza. Mimi nataka tukae na chombo. Nani alikuwa mwenye nacho? Nani angeweza kukifungua kikiharibika? Na aliyekibuni, je, alikuwa na mtu wa Kabuku kule Handeni au Magoma kule Korogwe akilini mwake?

Kwanza habari yenyewe, kwa sababu ni habari njema na haifai kuchafuliwa. Global Learning XPRIZE ilitangazwa Septemba 2014, na dola milioni 15 za zawadi zilitoka kwa Elon Musk. Sharti lilikuwa gumu: tengeneza programu itakayomwezesha mtoto ajifundishe kusoma, kuandika na kuhesabu ndani ya miezi 15, kwa Kiswahili, bila mwalimu wa kumsimamia na bila intaneti. Sharti jingine, ambalo nitalirudia, ni kwamba programu za timu zitakazofika fainali ziwekwe wazi, mtu yeyote azichukue, azibadilishe, azitafsiri. Karibu timu 200 zilijiandikisha. Zikabaki tano: onebillion ya London, Kitkit School ya kampuni ya Enuma, RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, CCI ya New York na Chimple ya India. Kila moja ilipewa dola milioni 1, na zote tano zikaletwa Tanga kupimwa.

Google ilitoa vishikwambi. UNESCO na Mpango wa Chakula Duniani, WFP, walishirikiana na Serikali kuvifikisha katika vijiji 170, kwa watoto karibu 2,700 wenye umri wa miaka 7 hadi 11. Vijijini vilijengwa vituo vya kuchajia kwa sola. Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu, na katika hesabu programu zote tano ziliwasaidia wasichana sawasawa na wavulana. Mei 15, 2019, huko Los Angeles, onebillion na Kitkit School walitangazwa washindi pamoja, wakagawana zawadi kuu ya dola milioni 10.

Ukizitazama programu zile unaona kazi ya watu waliofikiri sana. Mtoto asiyejua herufi hawezi kusoma maelekezo, kwa hiyo maelekezo yalipitia sikioni na kwa kuonyeshwa: kidole kinaburuta hivi, kinagusa hapa. Waanzilishi wa Enuma, Sooinn Lee na mumewe Gunho, walitoka kwenye kazi ya michezo ya kompyuta, wakageukia programu za kujifunzia baada ya kupata mtoto mwenye mahitaji maalumu. Andrew Ashe na Jamie Stuart wa onebillion walikuwa wameshafanya kazi miaka kadhaa Malawi, kwa Kichewa, kabla ya kugusa Kiswahili. RoboTutor ilithubutu kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti na kumrekebisha. Na Kiswahili chenyewe kiliwasaidia, kwani kinaandikwa kinavyotamkwa: aliyeshika ba, be, bi, bo, bu ameshika ufunguo wa maneno mengi. Kwa mtoto wa Handeni ambaye nyumbani anasikia Kizigua au Kimaasai, au wa Korogwe anayelelewa kwa Kisambaa, hilo si jambo dogo.

Sasa chombo.

Pixel C ni kishikwambi kizuri sana. Kioo chake cha inchi 10.2 kina ung'avu ambao mwaka 2015 haukupatikana kwenye vishikwambi vya bei ya chini. Mgongoni kina mstari wa taa: ukiugonga mara mbili unakuonyesha chaji iliyobaki bila kukiwasha. Kwa mtoto asiyejua tarakimu hicho ni kipimo anachokielewa mara moja, na laiti kila simu ingekuwa nacho. Bodi ya alumini ni ngumu. Prosesa yake ina nguvu ya kutosha kwa kazi kama ile ya RoboTutor, ya kutambua sauti palepale kijijini pasipo mtandao.

Kwa ajili ya jaribio, naona uamuzi wa kutumia chombo cha namna hiyo ulikuwa sahihi. Ungeleta vishikwambi vya bei poa, nusu yake vingezima kabla ya miezi sita, na mwishoni usingejua kama kilichoshindwa ni masomo au ni betri. Mtafiti anataka chombo kisichomsumbua. Lakini anayekimiliki chombo, atakayeishi nacho baada ya mtafiti kufunga mizigo, ana mahitaji mengine, na hapo ndipo hesabu zinapokataa.

Tuanze na umeme. Betri ya Pixel C inabeba takriban wati-saa 34. Betri ya simu ya kitochi inabeba kama wati-saa 3. Kujaza kishikwambi kimoja, basi, ni kama kujaza vitochi kumi na moja. Watoto 2,700 kwa vijiji 170 ni wastani wa watoto 16 kijijini. Vishikwambi 16 vikirudi vitupu jioni vinahitaji zaidi ya wati-saa 540, na ukijumlisha unaopotea njiani utahitaji kama 650. Paneli ndogo ya wati 10, ile ya taa tatu na kuchaji simu ambayo familia nyingi za vijijini zimenunua kwa mkopo, ikipata saa tano za jua kali inatoa wati-saa 50. Ndiyo kusema paneli ya nyumbani ingejaza kishikwambi kimoja kwa siku, na siku hiyo nyumba ilale gizani. Wakati wa masika, mawingu yakitanda kuanzia Usambara, hata hicho kimoja kingekuwa na mashaka.

Kituo cha kijiji kililitatua hilo, kwa miezi 15. Ila kituo nacho ni mali inayotaka kutunzwa: betri zake huchoka, kibadilishaji umeme huungua, paneli hukaa vumbi, na mtu anayekaa na ufunguo anataka kuishi. Mashine iliyobuniwa kwa ajili ya mtu mwenye soketi ukutani ilibidi ijengewe soketi, na gharama ya soketi ile haimo kwenye dola 499.

Halafu joto. Betri za lithiamu huchakaa upesi zikijaa pomoni huku zimepata moto, na chumba chenye paa la bati, mchana wa Januari Handeni, ni mahali pabaya kuliko pote pa kuacha chombo kwenye chaji. Mwenye simu anaweza kujisaidia: chaji asubuhi au jioni, kiweke chombo sakafuni kwenye saruji, usikifunike kwa kitenge, kichomoe kabla hakijafika asilimia mia kama unaweza. Betri ikianza kuvimba na kioo kikainuka, zima, usiichome wala usiikandamize, ipeleke kwa fundi. Haya ndiyo matunzo yanayoamua kama chombo kitaishi miaka miwili au mitano, na ningependa yafundishwe Chuo cha Ualimu Korogwe kwa uzito uleule wa kuandaa azimio la kazi.

Nimemtaja fundi. Ukishuka stendi ya Korogwe hutembei sana kabla hujakuta meza yake: taa ya kumulika, mashine ya hewa ya moto, bisibisi za sumaku, kopo la simu zilizokufa ambazo ni ghala lake la vipuri. Mteja anafika na maneno yaleyale ya kila siku. Fundi, haishiki chaji. Fundi, tachi haisomi. Fundi, inakula chaji, asubuhi mia, saa nne imezima. Naye anaanza na swali kabla ya bisibisi: umetumia chaja gani? Iliangukia maji? Inapata moto ukiongea au ikiwa imelala tu? Anajaribu chaja nyingine, kisha waya mwingine, anachungulia tundu la chaji kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingi tatizo ni vumbi na nyuzi za mfukoni zilizoshindiliwa humo, na kijiti kikavu cha meno kinalimaliza bila gharama. Ikishindikana anabadili sistimu chaji. Akikwama hapo ndipo anapofungua bodi na kuchomea risasi.

Huo ni uchunguzi wa kitaalamu kabisa. Unakwenda kutoka rahisi hadi gumu, kitu kimoja kwa wakati, kwa kubadilisha na kulinganisha. Mhandisi wa kampuni kubwa hafanyi tofauti. Kinachomtenga fundi wa Korogwe na mhandisi yule ni vitu viwili: kipuri na mchoro. Kwa simu za Tecno, Itel na Samsung za bei ya kati, vipuri vinakuja kutoka Kariakoo kwa basi la asubuhi na michoro inazunguka kwenye simu za mafundi. Kwa Pixel C, ambayo haikuwahi kuwa na soko hapa, hakuna kopo lenye maiti yake. Kama vishikwambi vingi vya daraja lake, kioo kimeshikwa kwa gundi, kinahitaji kupashwa moto na kubanduliwa taratibu, na kosa moja linakivunja. Tundu lake la chaji ni la Taipu C, ambalo leo limeenea lakini mwaka 2017 vijijini waya wake ulikuwa adimu. Na mfumo wake uliishia Android 8.1.

Hapa ndipo narudi kwenye sharti la programu wazi. Waandaaji walidai, na walifanya vyema kudai, kwamba atakayetaka kuichukua Kitkit School au onecourse, programu ya onebillion, na kuigeuza kwa mahitaji yake asizuiwe na mtu. Lakini uwazi huo uliishia kwenye kioo. Mwanakijiji alipewa haki ya kubadilisha programu, jambo linalomhitaji mhandisi, akanyimwa nafasi ya kubadilisha betri, jambo linalomhitaji fundi aliyepo hatua chache kutoka stendi.

Wapo waliowahi kufanya kinyume chake. Kompyuta mpakato ya XO ya mradi wa One Laptop per Child, uliotangazwa na Nicholas Negroponte mwaka 2005, ilibuniwa kwa ajili ya vumbi na jua. Skrini iliyosimamiwa na Mary Lou Jepsen ilisomeka hata mchana kweupe nje. Kibodi ilikuwa ya mpira usioingiza maji. Masikio mawili ya antena yakikunjwa yalifunika matundu ya USB. Betri ilitoka kwa mkono. Na ndani ya mpini walificha skrubu za akiba, kwa sababu walitarajia mtoto mwenyewe aifungue. Naipenda ile mashine kwa skrubu zile kuliko kwa kitu kingine chochote. Rwanda ilisambaza zaidi ya 200,000.

Ila XO haikuwa na mwalimu ndani yake. Iliamini kwamba mtoto akipewa kompyuta na uhuru atajifunza mwenyewe. Peru, iliyonunua nyingi kuliko nchi nyingine, ilikuja kupimwa na watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika katika shule 319 za vijijini, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 hayakuonyesha kupanda kwa alama za hesabu wala za lugha. Bei nayo ilikataa kushuka hadi zile dola 100 zilizoahidiwa. Ilibaki karibu na 200.

Kwa hiyo Peru ilipata chombo kinachofunguka chenye masomo dhaifu. Tanga ilipata masomo yenye nguvu ndani ya chombo kilichogandishwa kwa gundi. Hakuna sheria ya fizikia inayotulazimisha kuchagua. Mchezo wa kufundisha herufi hauhitaji kioo cha wati nyingi, na bodi yenye skrubu haimzuii mtoto kujifunza. onebillion wenyewe waliliona: walitengeneza kishikwambi chao kidogo cha bei nafuu, onetab, kwa ajili ya masomo yao tu. Na huko Malawi, Serikali pamoja na shirika la Imagine Worldwide wanaendelea kusambaza onecourse katika shule za msingi za umma, vishikwambi vikichajiwa kwa sola shuleni. Programu iliyothibitishwa kwa watoto wa Tanga inasoma leo na watoto wa Malawi, na mimi kama mtu wa huku natamani isome na wa kwetu kwa wingi uleule.

Atakayesema kwamba haya ni mambo ya wahandisi, sisi wanunuzi tuchukue tunachopewa, akumbuke kwamba nchi hii imewahi kukataa. Kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo yakaenda kombo, gharama zikapanda, wataalamu wakawa wageni, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Marufuku ile ilituchelewesha, na siitetei. Lakini swali lililokuwa nyuma yake lilikuwa halali: tunanunua mashine ambayo hatuwezi kuiendesha wala kuitengeneza, kwa faida ya nani? Tulilijibu kwa kufunga mlango, kisha miaka mingi baadaye tukaufungua wote bila kulijibu.

Swali hilo limerudi, na safari hii kwa wingi mkubwa. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na mwishoni mwa mwaka huo Serikali ikaanza kugawa karibu laki tatu kwa walimu, vile vya sensa vikiwa ndani yake. Shule za Handeni na Korogwe zilipata mgawo wao. Ulikuwa uamuzi mzuri. Kuliko chombo kulala stoo, akishike mwalimu. Lakini betri iliyoanza kazi mwaka 2022 ina umri wake. Mwalimu wa Kwamsisi ambaye kishikwambi chake kimeanza kuzima kikiwa na asilimia 30 anakabiliwa na jambo ambalo mwenye simu yake binafsi halijui: hiki ni mali ya Serikali. Akikipeleka kwa fundi wa mtaani anaogopa kuulizwa nani alikuruhusu kufungua. Akikirudisha halmashauri, kinaingia kabatini. Hivyo anakiweka juu ya meza na kuendelea na simu yake. Chombo kinakufa kwa sababu ya betri, kipuri cha bei ndogo kuliko vyote.

Ningetaka halmashauri za Handeni na Korogwe ziandike waraka mfupi wa kuwapa ruhusa walimu, na orodha ya mafundi waliosajiliwa wilayani. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Handeni kinaweza kuwanoa mafundi hao, na vishikwambi vilivyokufa vipelekwe hapo viwe vipuri vya vilivyo hai, kama kopo la meza ya stendi lilivyofanya kazi miaka yote. Hakuna teknolojia mpya inayohitajika.

Jambo kubwa zaidi liko kwenye manunuzi, maana chombo kilichokwisha kugandishwa kwa gundi hakuna waraka utakaokifungua. Tangu Juni 20, 2025 Umoja wa Ulaya unawalazimisha watengenezaji wa simu na vishikwambi wahakikishe vipuri muhimu vinapatikana kwa miaka saba baada ya chombo kuacha kuuzwa, na mfumo wake usasishwe kwa angalau miaka mitano. Chini ya kanuni hizo Pixel C isingeweza kuagwa kama ilivyoagwa. Viwanda vinavyotengeneza kwa ajili ya Ulaya vinaweza kutuuzia na sisi kwa masharti hayohayo, kama tutayaomba. Anayenunua vishikwambi laki moja kwa mkupuo mmoja si mteja wa kupuuzwa na kiwanda chochote duniani.

Zabuni za Serikali sasa zinapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma, na kila zabuni ina ukurasa wa vigezo vya kiufundi. Kwa kawaida ukurasa huo unauliza ukubwa wa kioo, memori, kamera. Uulize pia betri inatolewaje, vipuri vitauzwa wapi nchini na kwa miaka mingapi, mchoro wa bodi atapewa nani, na kishikwambi kinakula wati-saa ngapi kwa siku ya masomo. Wizara ya Elimu inaweza kuyaandika haya katika zabuni inayofuata, na mafundi wa Korogwe wakiitwa kutoa maoni kabla haijatangazwa, watayaandika vizuri zaidi kuliko nilivyoyaandika hapa.